Mwalimvua

Kijitabu kilikuwa cha kumuaga kazini:
kurasa arobaini na tatu, picha sita,
anafundisha, anaishi Chumbageni, anapenda chai ya mchaichai,
wanafunzi wanamwogopa kidogo, wanampenda zaidi.
Jumanne usiku akafariki.
Jumatano tukamzika.
Alhamisi Semkiwa wa kiwanda cha chapa
akaegemeza baiskeli mlangoni kwangu, Barabara ya Kumi na Sita:
"Nipe faili kabla ya alasiri, kitagaiwa kwenye hitima.
Ila humo ndani bado yuko hai."

Mimi fundi wa kompyuta, si mwandishi.
Nikafungua dirisha jeusi lisilo na picha wala kitufe,
kishale kikipepesa kama mtu anayedai jibu,
nikaandika:

s/na/li/g

Mikwaju mitatu imeinama upande mmoja,
katikati yake silabi mbili alizotufundisha mwenyewe,
darasa la nne, kwa chaki ya bluu:
-na- ni sasa, -li- ni zamani,
atakayezichanganya atasimama hadi kengele.
Tafuta hii, weka ile, kila mahali.
Nikaongeza alama ya kuandika juu ya faili lilelile,
bila nakala,
kwa haraka, na kwa kiburi cha fundi.
Nikabonyeza.
Mashine haikupiga hata chafya.

Anafundisha: alifundisha. Sawa.
Anaishi: aliishi. Macho yakaniwasha, lakini sawa.
Wanampenda: walimpenda.
Halafu nikaona walifunzi.
Nikaona kalamu li daftari.
Kila jana imekuwa jali,
kila sana imekuwa sali,
nanasi alilotukatia siku ya mtihani limekuwa lilisi.
Mtoto wa ukurasa wa tisa, aliyeandikwa hana viatu,
sasa hali viatu.
Mhasibu aliyeapa "ada sina"
sasa anaapa "ada sili",
na hapo nikacheka, peke yangu, kwa sauti.
Kicheko kikanikwama kwenye swali lake la kila asubuhi,
rejista mkononi, miwani puani:
"Leo hayupo nani?"
Mashine imeandika:
"Leo hayupo lini?"

Basi geuza, nikajiambia. Kila li irudi kuwa na.
Kidole kikasita.
Maana mlima ungekuwa mnama,
Jumapili ingekuwa Jumapina,
na Mwalimu angekuwa Mwanamu, kiumbe asiyejulikana Tanga nzima.
Li zilizozaliwa li
zimekwisha kuchanganyika na li nilizozitia mimi,
hakuna ruwaza itakayozitenga.
Kwenda kuna amri.
Kurudi ni kwa macho.

Nikasoma, neno kwa neno, kidole kwenye kioo,
Semkiwa amekalia debe anamenya chungwa la Muheza,
kila dakika kumi anauliza tumefika wapi.
Ukurasa wa thelathini: "Ali wajukuu tisa,"
utadhani kuna bwana mmoja anaitwa Ali.
Nikaandika: Alikuwa na wajukuu tisa.
Nikakaa nikaitazama.
Wajukuu ni tisa vilevile, nimewaona juzi wamebeba ndoo za maji,
hakuna aliyepungua.
Nikafuta. Ana wajukuu tisa.
Sarufi inisamehe.

Jalada nilikuwa nimelisahau.
Aliliona Bi Fatu, dada yake, aliyekuja kuhakiki jina la ukoo,
bado na kanga za msiba:
Mwalimvua Kidundo.
Nikakimbilia kitufe. Akanishika mkono.
Akalisoma kwa kunong'ona, mara mbili,
kama anayeonja mchuzi.
"Mwalimu na Mwanamvua kwa mkupuo mmoja," akasema.
"Sisi tulihangaika miaka hamsini tumwite lipi."
Kisha akanitazama nilivyo, fundi mzima, jasho puani.
"Liache. Ila yeye angekusimamisha hadi kengele."

Nilikuwa nimeshasimama.